Fimbo Ngumu za Shemeji

Uko wapi? Ndiyo natoka duka la gofu.

Shemeji kanicheka mbele ya watu. Mume wa dada, huyo huyo. Nilikuwa najaribu fimbo fupi, nyepesi, za kimo changu. Akamwambia muuzaji, "Mfungie na pipi, hizo ni za watoto."

Za watoto. Duka zima likacheka.

Na anajua Jumamosi mimi na yeye tunashindania nafasi moja ya timu.

Halafu akaagiza zake: "Nipe zenye mpini mgumu kabisa, kama za mabingwa." Yeye, anayepiga taratibu kama anafukuza nzi kwenye chai! Mpini mgumu, usiopinda, unataka mkono wa kasi. Ukipiga polepole, mpira unakimbilia kulia.

Muuzaji akanitazama. Anajua huwa nawaonya watu wanaochagua fimbo zisizowafaa.

Nikasema, "Zimekufaa, shemeji."

Akanipiga begani. "Sasa umeanza kujifunza."

Zimekufaa. Na sauti yangu haikutikisika.

Jumamosi njoo mapema. Usisimame na watu. Nenda kule kulia, kwenye miti. Akija kutafuta mpira wake, nataka akukute umeshika pipi.