Saladi ya Shangazi Verlene Isiliwe

Mama,

Ukirudi kutoka zamu usile ile saladi ya viazi kwenye friji. Wala usiipeleke kanisani. Kesho natoka mapema na basi la shule, tutapishana, ndo maana naandika.

Leo asubuhi Shangazi Verlene kanipaka mayonesi kichwa kizima, eti nywele zinakula yai ndo zinakua. Anachota kwa mkono, anapaka, anarudisha mkono kwenye kopo. Nilitaka kukataa, nikaishia kushika kiti. Akanisuuza juu juu, akaweka chanuo la chuma kwenye jiko, akapitisha. Chwaaa! "Tulia we mtoto! Ikilia hivyo ndo inaingia."

Mama, haikuwa inaingia, ilikuwa inakaangika! Nimenuka yai bovu siku nzima. Marquell akauliza darasa zima, "Nani kaficha mkate wa mayai?"

Nywele za juu ya sikio la kushoto zimekatika. Zipo kwenye tishu hapa, ziangalie.

Halafu jioni kachanganyia saladi ya Pasaka mayonesi ya kopo lile lile. Nimekuta unywele wangu umejizungusha kwenye kiazi.

Shairi langu la Pasaka nitalisema Jumapili kanisani mbele ya watu, ila nisuke wewe, mistari tu, bila moto.

~~Saladi itupe wewe, useme imekudondoka. Mimi namwogopa.~~

Nimeitupa mwenyewe sasa hivi, na kopo lake. Akiuliza, mwambie ni mimi.

Binti yako,
Jorielle