Makuti Arobaini Niliyojisifia

Acheni kunisifu. Nyinyi nyote mlioniandikia hapa wiki iliyopita, bibi chuma, bibi mashine, mikono ya dhahabu, na yule wa Likoni aliyeniwekea vidole gumba kumi kwa mstari mmoja, acheni. Chuma hakiumwi mgongo. Mashine haioni haya. Mimi leo mgongo unaniuma na haya ninayo.

Leo ni Alhamisi. Manyunyu tangu alfajiri, hayanyeshi yakaisha wala hayakatiki. Nimekaa barazani kwangu hapa Kinondo, mguu mmoja nimeunyoosha kwenye jamvi, naandika kwa kidole cha kati kwa sababu cha shahada kimechanika na ukindu. Nikikosea herufi mnisamehe au msinisamehe. Kusoma nimejifunzia kwenye darasa la gumbaru, wajukuu ninao tayari. Kabla ya hapo nilikuwa natia dole gumba kwenye kila karatasi, na hakuna aliyejua nina neno la kusema.

Kwa asiyenijua, mimi ni Bi Mwanajuma. Nashona makuti ya kuezekea mahoteli.

Watalii wakija Diani wanapenda kulala chini ya makuti, waangalie juu waone majani ya mnazi, ndipo waamini wamefika pwani. Hawajui kuti moja limepita mikononi mara ngapi. Majani makavu yanaokotwa, yanachambuliwa kutoka kwenye uti wake, yanalowekwa yasivunjike. Fito zinachanjwa na kupimwa. Ukindu unapasuliwa uwe nyuzi. Kwa rundo kubwa hiyo ni kazi ya siku nzima na bado hujashona hata kuti moja. Siku ya pili ndiyo unakaa kitako, unakunja jani juu ya ufito, unashona, unakunja jingine, unashona, mpaka ufito uishe. Ukigawanya kwa siku zote mbili, ya kuandaa na ya kushona, mwanamke aliyezoea anatoa makuti ishirini kwa siku. Ishirini ya haki, yaliyobanana, yasiyopitisha tone.

Sasa nisikilizeni.

Wiki iliyopita niliandika hapa kwamba nimeshona makuti arobaini kwa siku moja. Mjukuu wangu Riziki, aliyenifungulia ukurasa huu, akaweka na picha yangu nimesimama kando ya rundo, mkono kiunoni, kidevu juu. Mkafurika hapa kama siafu. Nilisoma kila mlichoandika. Mengine nilisoma mara mbili.

Yale makuti arobaini hayakuwa ya siku moja.

Kushona nilishona siku moja, hilo kweli. Lakini siku iliyotangulia yote ilikuwa ya kuandaa, na sikuandaa peke yangu. Tulikuwa wawili, mimi na somo wangu. Yeye naye ni Mwanajuma, ndiyo maana tunaitana somo tangu tukiwa wasichana, na watu wa hapa humwita Mwanajuma mweupe ili wasituchanganye. Yeye ndiye aliyeloweka majani. Yeye ndiye aliyechanja zaidi ya nusu ya fito, kwa sababu siku hiyo mimi nilikuwa nalalamika goti. Kesho yake nikakaa kila kitu kiko tayari miguuni pangu, nikashona kama mwendawazimu, nikahesabu, nikaona arobaini, nikachukua simu.

Somo sikumtaja.

Sikudanganya kwa mdomo. Niliacha tu lile neno moja lisiandikwe. Mtu mzima anajua hiyo ni aina gani ya kudanganya.

Jumatatu akaja Saidi. Saidi ndiye anayepeleka makuti mahotelini, yeye ndiye anayetulipa. Ni mtoto wa hapa hapa, nimempakata akiwa hana jino, na mama yake alikuwa akishona nasi mpaka macho yakamwacha. Ana heshima yake, hapiti bila shikamoo. Akasimama katikati ya banda tunaloshonea, wanawake kumi na wawili tumekaa, akatoa simu akasoma maneno yangu kwa sauti. Akayasoma vizuri kuliko nilivyoyaandika.

"Si mimi niliyesema, mama zangu," akasema. "Bibi mwenyewe ameandika, na watu wamesoma mpaka Nairobi."

Kisha akatueleza. Siku hizi kuna makuti ya plastiki yanakuja kwenye kontena, hayaozi, hayashiki moto, na wenye mahoteli wameanza kuyapenda. Kwa hivyo bei ya kuti letu imeshuka, nusu ya ilivyokuwa. Lakini tusihofu, akasema, kwa sababu kumbe mtu anaweza kushona arobaini, na arobaini kwa bei mpya ni sawa na ishirini kwa bei ya zamani. Tutarudi nyumbani na pesa zile zile. Atakayeshindwa kufika arobaini atampisha mwingine, maana wanaotaka kazi ni wengi.

Hesabu ilimtoka mdomoni laini kama uji. Hakuna aliyepata pa kuishika.

Wanawake wote wakanigeukia. Na mimi, Mungu anisamehe, Jumatatu ile nilifurahi. Nilijiona mwalimu. Mishi, ambaye ni binti mdogo kuliko sisi sote na mdomo wake hauna mlango, akaniuliza kama hayo arobaini nilishona kwa mikono au niliyatapika. Nikamgombeza. Nikamwambia wasichana wa siku hizi mikono yao imezoea kufinya simu tu, ndiyo maana hawawezi. Nilisema hivyo. Na simu yangu ilikuwa kifuani kwangu.

Tangu siku hiyo hakuna hata mmoja wetu aliyefika arobaini.

Tunaanza giza halijatoka vizuri. Hatuli mchana, tunatafuna muhogo mbichi huku tunashona. Zamani bandani palikuwa na maneno, fulani kaposwa, fulani karudi kwao, tunacheka mpaka mtu anadondosha ufito. Sasa husikii kitu ila majani. Kazi imekuwa maradufu, tunachopata kimepungua, na akitaka mtu kulalamika anaambiwa bibi mbona ameweza. Mlango wa kulalamikia nimeufunga mimi kwa mkono wangu.

Na makuti yenyewe ni aibu. Nimeona ninayoshona mimi wiki hii. Majani yameachana kama meno ya mtoto wa miaka saba. Mvua kubwa ikija, huyo mtalii ataamka na maji puani.

Lakini si mtalii anayeniumiza roho.

Mume wa somo, Mzee Hamisi, alipigwa na kiharusi mwaka juzi, upande wote wa kulia umekufa. Somo alichagua kazi ya makuti kwa sababu banda liko karibu na kwake. Kila mchana alikuwa anakwenda mara moja, anamgeuza ubavu, anamnywesha uji, anarudi. Hakuna aliyemwuliza. Tangu Jumatatu mpaka jana hakwenda hata mchana mmoja, kwa sababu ukiinuka hufiki arobaini, na asipofika hana kazi, na asipokuwa na kazi huyo mzee atakula nini. Kwa hivyo mzee alilala ubavu mmoja tangu asubuhi mpaka jioni, siku tatu.

Ametoka kidonda mgongoni. Somo hakuniambia. Nilisikia kwa Mishi.

Leo Saidi alikuja mapema, kabla ya adhuhuri kidogo, kwa ajili ya mvua. Alitaka kuhesabu ya jana na kuangalia nani abaki. Alishika kijiti, anapita rundo baada ya rundo, anagusa kuti, anaandika. Alipofika kwangu akacheka, akasema la bibi halina haja ya kuhesabiwa. Akaandika arobaini.

Yalikuwa thelathini na moja. Niliyajua kama ninavyojua watoto niliowazaa.

Nilinyamaza.

Akaenda kwa somo, aliyekaa bega kwa bega nami. Huko akahesabu moja moja. Ishirini na sita. Saidi akachuchumaa mbele yake kwa adabu zote, akamwambia, "Mama, pumzika sasa nyumbani. Kazi hii imekuzidi umri." Akapiga mstari kwenye daftari. Alivyouchora kwa upole, ungedhani anamwandikia dawa.

Umri. Mimi namzidi somo mvua mbili au tatu.

Somo hakubisha. Aliniangalia mara moja, si kwa ukali, aliniangalia kama mtu anavyoangalia njia kuona kama kuna anayekuja. Akangoja kidogo. Kisha akakunja jamvi lake, akachukua kisu chake cha kupasulia ukindu, akatoka kwenye manyunyu bila hata kujifunika kanga kichwani.

Nikaendelea kushona. Andikeni na hilo huko mlikoandika chuma. Nikaendelea kushona.

Mpaka ilipopita kama saa nzima ndipo nikainuka. Nikamkuta ndani kwake, anamgeuza mzee. Nikashika mguu, tukamgeuza pamoja. Kidonda kile nimekiona. Ni kikubwa kuliko kiganja changu, na somo alikuwa anakiosha kwa maji ya chumvi, taratibu, anapuliza, kama vile sipo.

Mzee Hamisi ulimi wake umebaki nusu, lakini masikio yake mazima. Akanitazama kwa jicho lile linalofunguka. "Mashine imefika," akasema. Upande mmoja wa uso ukacheka.

Na mimi badala ya kuomba radhi nikafanya nini? Nikagomba. Ndiyo tabia yangu, nikiwa na kosa sauti hupanda. Nikamwuliza somo kwa nini hakumwambia Saidi ukweli. Yeye ndiye aliyeloweka majani, yeye ndiye aliyechanja fito, ushahidi anao mikononi, mdomo anao, sasa alikuwa anangoja nini mpaka akatwe jina mbele za watu kama mwizi? Nikasema na mengine, siyakumbuki.

Akaniacha nikamaliza. Akakamua kitambaa, akakianika kwenye ukingo wa kitanda. Kisha akasema, bila kunigeukia:

"Nilikuwa nangoja ujitaje mwenyewe, somo."

Sina zaidi. Nilitoka nikapita njia ya kisimani nisikutane na mtu.

Nimekaa hapa tangu hapo, najiuliza kwa nini niliandika vile. Nimeshona makuti tangu sijavunja ungo. Marehemu mume wangu alilala chini ya makuti yangu miaka yote ya ndoa, na siku aliyosema neno kuhusu paa ni siku moja tu, panya aliposhuka. Wageni wanapiga picha mapaa, hawaulizi nani. Halafu siku moja watu kama mia, nisiowajua, wakaniambia mikono yangu ni mizuri. Nilikuwa na njaa ya neno hilo, wala sikujua kama nilikuwa na njaa. Nikalila na la mwenzangu.

Riziki nimempigia simu, yuko chuoni Msambweni. Akasema, bibi, futa tu ile, nani atakumbuka. Nimekataa. Saidi ameshaipiga picha kwenye simu yake, na hata angekuwa hajaipiga, kuifuta hakumrudishi somo kwenye jamvi lake wala hakumponyi mzee mgongo. Iache hapo hapo ilipo, Riziki. Na hii uiweke juu yake.

Najua nitakachopoteza. Saidi akisikia thelathini na moja, na jina langu litakwenda. Anaweza kusema basi, hapa hapana faida, nachukua plastiki. Pengine kweli anabanwa na wakubwa wake, sikatai, hata yeye viatu vyake vimeisha kisigino. Nina hofu. Unga wangu ni wa makuti hayo hayo. Nimeandika na kufuta sehemu hii mara tatu.

Haya.

Saidi, najua unasoma hapa. Kesho asubuhi uje bandani kabla ya jua, na daftari lako. Pikipiki iache barabarani. Utakaa chini kwenye jamvi, katikati yangu na somo, na yeye nitamfuata mwenyewe kwake, nikimwomba radhi akiwa amesimama mlangoni na majirani wanasikia. Mimi nitaanza na jani kavu na ufito usiochanjwa. Wewe utaangalia kila kitu, kuloweka, kuchanja, kupasua, kushona, na mchana somo atainuka kwenda kumgeuza mumewe na hutaitazama saa yako. Nyinyi wenzangu, na wewe Mishi, msitie ukindu kwenye sindano hata mara moja mpaka amalize kuniangalia. Jioni hesabu yangu moja moja, kwa sauti. Yakifika ishirini andika ishirini, na bei uirudishe ilipokuwa.

Halafu fungua ule ukurasa wa leo, uandike jina la somo upya kwa mkono wako. Na kama ni lazima kuna jina la kukatwa, kata langu.