Bawa la Kushoto Limelia

Runazi, Jumamosi jioni. Mvua ilinyesha alfajiri ikatuachia hewa safi na matope mlangoni. Mikono inauma, moyo umetulia, na ninaandika hapa kwa sababu wote wa nyumbani walikuwepo, hakuna aliyebaki wa kumsimulia.

Mimi ni fundi cherehani. Mume wangu, Masunga, alitengeneza ndege ndogo za watu kule Mwanza kwa miaka mingi, na sasa anaunda yake. Ina viti viwili, iko kwenye banda tulilokuwa tukihifadhia mahindi. Mifupa ya mabawa ni mbao. Juu yake huvalishwa kitambaa nilichokishona kama foronya, kinashikwa kwa gundi, kisha kinapigwa pasi ili kinywee na kukaza. Kazi hiyo ni yangu.

Wiki iliyopita niliiharibu.

Nilipiga pasi bawa la kushoto kama ninavyopiga sketi za shule, kutoka ncha moja kwenda nyingine, huku naimba. Kitambaa kikavuta upande mmoja, ubavu wa mbao ukapinda. Masunga akaupima kwa rula, nikajua kimeumana. Tukabandua chote. Akachonga ubavu mpya, mkaguzi wa ndege akaja kuutazama, akaturuhusu kufunika tena. Kitambaa kilichobaki kilitosha bawa hilo tu. Kingine huagizwa ng'ambo, na ng'ambo si Biharamulo mjini.

Kwa hiyo leo nilisimama na pasi mkononi naogopa. Sijawahi kuogopa pasi maishani.

Ndipo nikamkumbuka baba. Kwetu Bukiriro, kule Ngara, baba alikuwa akiwamba ngoma nami nikimshikia vigingi. Akishapigilia kimoja huku, cha pili hakikukaa jirani yake, kilikwenda upande wa pili. Huku, kule, huku, kule, mpaka ngozi ikakaza bila kuvuta popote. Hadi leo mimi ndiye mpiga ngoma wa kwaya kigangoni, na kila Jumapili naisogeza motoni kabla ya misa.

Nikafanya vivyo hivyo. Nikagusa mbele, nikahamia nyuma. Nikagusa nchani, nikarudi shinani. Masunga alinifuata na kipimajoto akinitajia joto la pasi, bila kuuliza kwa nini narukaruka kama panzi. Mikunjo ikapotea mmoja mmoja. Ubavu haukupinda.

Nikaweka pasi chini, nikaligonga bawa kwa vidole.

Likalia. Nikagonga la kulia, likajibu kwa sauti ileile. Sikuweza kujizuia, nikapiga taratibu mdundo wa wimbo wetu wa matoleo. Mama mkwe akatoka jikoni, mikono imejaa unga, akauliza leo ngoma iko kwa nani.

"Iko kwetu, mama," nikamwambia.

Akaingia bandani akacheza Kisukuma, mabega yote mawili, na Masunga akacheka mpaka akakaa chini karibu na gurudumu. Nimefurahi leo kuliko siku niliyonunua cherehani yangu ya kwanza.

Limebaki jambo moja. Tangu aanze kuiunda, Masunga huniuliza kiti cha pili kitakuwa cha nani, akishairusha peke yake na kupewa kibali cha kubeba mtu. Kila mara namjibu kwamba nina nguo za wateja. Leo hakuuliza. Alinitazama tu tulipokuwa tunafunga banda, nami nikajifanya natafuta kufuli.

Nimeshona magauni ya harusi, kanzu za padri, sare za kwaya nzima, na nguo zangu mwenyewe nimezivaa zote mbele za watu bila wasiwasi. Kesho tukienda misa nitamwambia kiti ni changu. Tangu lini nikaogopa kuvaa nguo niliyoishona mwenyewe?