Mtani, Safari Hii Wamenisikia

Mtani wangu Kibwana,

Sikuandikii kukuomba msamaha. Mnyamwezi hamwombi Mluguru msamaha, na kufa kwako hakubadilishi sheria hiyo. Nakupa taarifa tu, maana siku ya mazishi yako niliondoka bila kumaliza kazi.

Ugonjwa wangu unaujua, huu wa Parkinson. Ulianza na mikono, nikaacha kutengeneza redio. Kisha ukaifuata sauti, polepole, kama betri inayoisha. Mke wangu alidhani nimekuwa mpole uzeeni, akashukuru. Wewe peke yako uligundua. "Mtani, nikitangulia mimi nani atanitukana? Utaninong'oneza?" Ukacheka. Mimi sikucheka.

Ukatangulia kweli. Gari lililokutoa mjini lilipoishia, vijana wakakubeba kupanda Kinole kwenu. Nikalizuia jeneza njiani kama mtani anavyopaswa. Watu wakanyamaza wasikie matusi. Nikafungua mdomo, ikatoka sauti ya kifaranga mgonjwa. Mpwa wako akanishika bega: "Pole mzee, jikaze, wote tumeumia." Wakaniweka pembeni, wakanipa maji. Mimi! Kufarijiwa mbele ya jeneza la mtani! Nawe ukaenda kimya, kama mtu asiye na watani duniani.

Sikulala vizuri wiki nzima.

Binti anayenifanyisha mazoezi ya viungo hospitalini ndiye aliyeniambia kwamba wagonjwa wa aina yangu hukutana kila Alhamisi kuimba. Nilikwenda kuwacheka. Tuko sita, kwenye viti vya plastiki, na tukitetemeka pamoja utadhani lori linapita. "Vuta pumzi mpaka tumboni," anasema binti, "sauti igonge ule ukuta." Tunaimba kaswida, tunaimba pambio, tunaimba za kulimia. Nyumbani naendelea bafuni kila asubuhi. Na miguu ikigoma mlangoni, kama inavyopenda kugoma, nikianzisha wimbo inatii. Sikudanganyi, mikono bado inatetemeka. Lakini wiki ya tano mke wangu aliniambia nipunguze kelele. Tangu tuoane hajawahi kuniambia neno tamu kama hilo.

Arobaini yako ilipofika, nikapanda. Baada ya dua, kabla ya pilau, nikasimama. Mpwa wako akainuka aje kunifariji tena. Nikamwonyesha fimbo, akakaa.

"Mnamkumbuka yule mvivu? Miaka yote anatucheka sisi watu wa tambarare tunavyohema mlimani. Siku ya mwisho yeye kaupanda amelala, kabebwa!"

Ua mzima ukaangua kicheko, na wanawake kule kwenye masufuria wakapiga vigelegele. Shemeji Zaina, mjane wako, yumo ndani kakaa eda. Binti yenu aliniambia kwamba tangu tukuzike mama yake alikuwa hajacheka. Nikamsikia anacheka, kisha akaita dirishani: "Shemeji, hebu rudia, huku ndani hatukusikia vizuri!"

Mwongo. Alisikia kila neno.

Nikarudia, kwa sauti kubwa zaidi.

Basi nimetua mzigo, Kibwana. Nimeshuka mlima mwepesi, ingawa nilihema. Lala salama. Shemeji na watoto nitawatazama, na Alhamisi sitakosa. Nikija kukuzuru nitakutukana mpaka wenzako wa makaburi ya jirani waombe kuhama.

Mtani wako,
Maganga