Sauti Thelathini na Mbili Ulizotuachia

Mwaka umetimia leo, Baba, tangu ulipotua bisibisi mezani, ukasema unajinyoosha kidogo, na hukuamka. Mama akiulizwa mpaka leo husema umejinyoosha. Sisi hatumsahihishi.

Wengi wanaosoma hapa walikujua kama fundi wa televisheni wa mlango wa bluu, pale chini ya ngazi. Skrubu ulizipanga kwenye kifuniko cha kopo kwa mfuatano uliozifungulia, na ole wake aliyekitikisa. Wateja hukuwaita kwa majina yao bali kwa televisheni zao: Bibi Inchi Kumi na Nne, Mama Rangi Moja, Mzee Mistari. Hakuna aliyekasirika. Mzee Mistari mwenyewe alijitambulisha hivyo siku ya mazishi, tukajikuta tunacheka huku machozi yanatutoka.

Bibi Inchi Kumi na Nne alikuwa akiishi peke yake. Kioo cha televisheni yake kilipokufa, kipuri kilichukua miezi kufika. Ulimrudishia ikiwa na sauti tu, "asikae anaongea na ukuta," kisha ukawa unapita kwake kila Jumapili kumsimulia picha alizozikosa. Nusu yake ulikuwa unaitunga. Alijua, na alikuacha uendelee.

Nadhani hapo ndipo ugonjwa wako ulipoanzia, na tuuite ugonjwa maana Mama aliuita hivyo. Miaka ya themanini karakana yako ilijaa televisheni zilizosikika lakini hazikuonyesha picha. Tamthilia za upelelezi na za mizimu ulizijua kwa sikio peke yake: muziki wa mwanzo, muziki wa mtu anayefuatwa nyuma, muziki wa mlango ambao haukupaswa kufunguliwa. Vile vinanda vya umeme vilivyokuwa vikinguruma chini kwa chini vilikuingia damuni. Siku moja ukaondoka na pikipiki, ukarudi kwa miguu umebeba kinanda begani. Mlibadilishana na mwenye kinanda, ulisema, na mwenzako alikuwa anacheka. Mama hakucheka.

Ukaanza kutunga muziki wa tamthilia ambazo hazikuwahi kutengenezwa na mtu yeyote. Kubwa kuliko zote ilikuwa ya mlinzi wa jengo la ghorofa tano anayesikia hatua za mtu kwenye ghorofa ya sita. Ulitusimulia visa vyake tukiwa tumekaa chini ya meza yako ya kazi, katikati ya waya na harufu ya risasi ya kuchomelea iliyoungua, kisha ukapiga muziki wake. Kaka, ambaye leo ana ndevu na anaendesha lori, alikuwa wa kwanza kukimbilia jikoni.

"Wewe na majini yako," Mama alikuwa akikuitia, "chai inapoa."

"Waambie waje wanywe," ulimjibu, na mikono yako haikutoka kwenye kinanda.

Kurekodi ulijifundisha mwenyewe. Ulipiga sehemu moja, redio kaseti ya kwanza ikaichukua. Kisha ukaicheza hiyo huku ukipiga sehemu ya pili, na redio ya pili ikachukua vyote kwa pamoja, na nyumba nzima ndani yake. Ndiyo maana kaseti zako zina watu. Baada ya mazishi nilizisikiliza zote, moja baada ya nyingine, na kwenye mojawapo nikajisikia mimi mwenyewe nikiwa na miaka sita, nauliza ni nani anayetembea huko juu. Wewe ukanijibu, "Subiri." Nimesubiri, Baba. Kaseti imeisha na hujasema.

Miezi ile ya kwanza tulikifunika kinanda kwa shuka na hakuna aliyekigusa. Kila nilipopita mlangoni nilihisi umekaa palepale, umeinamisha kichwa, unatafuta sauti. Kaka aliniambia hata yeye. Mama hakutuambia kitu, ila tulimwona anagonga mlango wa karakana kabla ya kuingia.

Mwezi wa tisa baada ya mazishi Mama akaomba jambo moja.

"Siku tukimkumbuka nataka nimsikie yule Mlinzi wake," alisema. "Msiniwekee kaseti. Kipigwe kinanda chenyewe."

Kaseti ya Mlinzi hata hivyo ilikuwa imeshatafunwa na redio katikati, imebaki kukohoa. Lakini daftari lako lilikuwepo, na noti zote umeziandika kwa mkono, na pembeni namba ya kila sauti inayotakiwa kuingia. Kaka ulimfundisha mkono wa kushoto na mimi ulinifundisha wa kulia, ili tusigombane. Tukamwambia Mama asihofu.

Nilipokiwasha, kile kioo chake kidogo kikaandika kwamba betri ya ndani imechoka. Basi. Kazi yangu ni kushona mapazia, lakini mtoto wa fundi naye ni fundi, si ndivyo tunavyojidanganya? Nilichukua bisibisi yako, nikazipanga skrubu kwenye kifuniko kama ulivyokuwa ukifanya, nikang'oa betri ya zamani na kuweka mpya. Nikajipongeza. Kisha nikabonyeza.

Hukuwepo. Kinanda kilikuwa na sauti zake za kiwandani, zile za kila mtu, na kilikuwa na nafasi thelathini na mbili za sauti ulizozitengeneza mwenyewe kwa miaka, hatua za mlinzi, upepo wa ngazini na nyinginezo. Hizo zako zilikuwa zinaishi kwa ile betri ndogo kama kitufe cha koti, nami nilikuwa nimeishika kiganjani. Nafasi zote thelathini na mbili zilitoa mlio mmoja uleule, safi, wa mtu asiyetujua.

Nilisema kwa sauti, peke yangu mle ndani: nimemuua mara ya pili. Nyuma yangu kiti chako kikalia kama kilivyokuwa kikilia ukigeuka. Ni mbao tu, najua. Sikugeuka kutazama.

Wiki tatu nilimdanganya Mama. Alikuwa akiniuliza, "Kinanda kinaendeleaje?" nami nikimjibu, "Kinaendelea." Hata Kaka sikumwambia, maana angenyamaza, na kunyamaza kwake kunauma kuliko kugomba kwa wengine. Hatimaye nikakibeba mpaka kwa Fundi Miwani, yule mwanafunzi wako wa kwanza, binti uliyemfundisha kuchomea risasi wakati watu wanakuambia unapoteza muda wako. Sasa ana duka lake la vinanda na spika, na picha yako iko juu ya meza yake.

"Uling'oa betri bila kuzitunza kwanza?" aliniuliza.

"Niling'oa."

Akavua miwani akaifuta, ingawa ilikuwa safi. "Dada, humu ndani hamna kitu tena. Labda kama Mzee alizitunza kwenye kaseti."

"Kaseti zipo, ila ni za muziki."

"Siongelei muziki. Kinanda hiki kinaziandika sauti zake kwenye kaseti kama kelele. Ukiisikia utasema imeharibika, inapiga yowe tupu sikioni."

Kaseti hiyo niliijua. Wakati nazichambua nilizitenga nzuri na mbovu, na moja ilipiga yowe mpaka nikatupa spika za masikioni mezani. Mbovu zote nilimpa Mama. Na Mama alizivuta kanda akazitandaza kwenye vijiti juu ya bustani yake ya mboga, zipepee na kufukuza ndege.

Nilimkuta amechuchumaa anang'oa magugu. Juu ya kichwa chake kanda zilikuwa zinang'aa na kuvuma kwa upepo.

"Mama, zile kaseti mbovu ulizitandaza zote?"

Alinyanyua uso. "Umekifanya nini kinanda cha baba yako?"

Mficha uchi hazai, na mimi wiki tatu zile sikuwa nimezaa chochote isipokuwa uongo. Nikamwambia yote nikiwa nimesimama kati ya matuta. Nilimwambia kwamba sauti zako nimezifuta mimi, kwamba kilichobaki kilikuwa kwenye kaseti moja ya kelele, na kwamba labda ndiyo hii inayotupepea usoni.

Hakunigombeza. Alijipangusa udongo, akaingia ndani, akarudi na kaseti mkononi, nzima, haijavutwa hata kidogo.

"Hii ilikuwa na mwandiko wake," alisema. "Imeandikwa USIFUTE. Miaka yote niliyoishi na mume wangu sikumtii kwa lolote. Nikaona hili moja nimtii."

Nilimshika tukalia pale bustanini, na majirani walituona, na iwe hivyo.

Kesho yake, Kaka naye akiwa ameshaambiwa, tulikwenda wote watatu kwa Fundi Miwani, Mama akiwa ameishikilia kaseti kwa mikono miwili. Mama akabaki barazani, alisema hana moyo wa kusikia yowe. Fundi akaunganisha redio na kinanda kwa waya, akabonyeza. Yowe likajaa chumba. Kinanda kikakataa. Akarudisha kanda mwanzo, akapandisha sauti, kikakataa tena. Kaka alikuwa amekunja mikono, anatazama sakafu. Mara ya tatu Fundi aliishusha sauti kidogo sana, kwa ncha ya kidole, na kile kioo kidogo kikaanza kuhesabu.

Kisha yakaja majina. Hatukujua kwamba ulizipa majina, Baba. Kinanda chako hakiruhusu zaidi ya herufi kumi, ukalazimika kubana. MVUA BATI. LIFTI MBOV, kwa sababu herufi ya mwisho ilikosa pa kukaa. CHINI MEZA, mlio mdogo wa kutetemeka ambao niliujua mara moja kuwa ni mimi. KAKA MBIO. Kaka alikwenda dirishani akasimama huko kwa muda, akitazama barabara ambayo haikuwa na kitu.

Ya thelathini na mbili iliitwa BILA MIMI. Nikabonyeza. Nikabonyeza tena, kwa nguvu zaidi. Haikutoa sauti.

"Haijaharibika," Fundi Miwani alisema baada ya kuikagua. "Ameishusha mwenyewe, sehemu zote, mpaka sifuri. Hii haitokei kwa bahati mbaya."

Tulipofungua daftari tukaiona, kwenye ukurasa wa Mlinzi, baada ya muziki wa ngazi. Umeandika: "32. Shika mapigo manane." Tulikuwa tumeipita mara nyingi tukidhani ni sauti kama nyingine. Tulikubaliana tusimwambie Mama. Tulitaka asikie anachokitaka, na hatukujua tumweleze nini.

Jumamosi iliyopita, saa tisa alasiri, tulikusanyika karakanani. Alikuja mdogo wako na viti vyake vya kukunja, Fundi Miwani na spika zake, Mzee Mistari, na majirani wa ngazi ya juu waliokuwa wakilalamika ulipokuwa hai. Kaka alikaa kushoto, mimi kulia. Mama alikaa katikati yetu, daftari likiwa mapajani mwake. Mikono yetu ilikuwa na kazi, hivyo yeye ndiye aliyepewa kubonyeza vitufe vya kubadilisha sauti, na alifurahi kupewa kazi.

Mlinzi wako akaingia. Lifti ikanguruma, mvua ikapiga bati, na hatua zikaanza kushuka kutoka ghorofa isiyokuwepo. Mzee Mistari alitazama dari. Mama alibonyeza kila namba kwa wakati wake, ananyoosha kidole kabla, kama mtu aliyeusikia muziki huu akiwa jikoni miaka yote na kuukariri bila kukuambia.

Ikafika ngazi. Akabonyeza thelathini na mbili. Jina likatokea kwenye kioo, nikaiona midomo yake ikilisoma. Tulinyanyua mikono. Mama akatazama daftari, akaona neno "shika," akaweka kidole gumba kwenye noti moja na kuishika.

Hapakuwa na sauti. Nilianza kuhesabu. Pigo la pili nikasikia bomba linadondosha kule nyuma. La nne, pumzi za Kaka. La sita, mtu mmoja akasogeza kiatu. Nyumba yetu yote ilikuwa inasikika, na wewe tu ndiye uliyekosekana, palepale ulipokuwa umeandika kwamba utakosekana.

Pigo la nane likapita. La tisa Kaka alitakiwa aingie, na mikono yake ilikuwa tayari juu ya kinanda, lakini Mama hakunyanyua kidole. Kumi. Kumi na mbili. Kumi na sita. Nikaacha kuhesabu. Hakuna aliyekohoa. Mama alikuwa amekishika kimya chako kwa nguvu mpaka ukucha wake ukawa mweupe, na sisi tusingethubutu kumwambia aachie.

Kisha akanyanyua kidole mwenyewe. Akabonyeza namba iliyofuata, akageuza uso kwa Kaka.

"Haya," alisema, "ingia."

Kaka akaingia.

Tunaokukumbuka ni mkeo, mwanao mkubwa, mkewe na watoto wao, mimi kitinda mimba wako, mdogo wako, Fundi Miwani, ambaye ulimwita binti yako na sisi tunamwita hivyo, na wateja wako wote, kila mmoja kwa jina la televisheni yake. Hatujakusahau, Baba, na siku zote tutakukumbuka.