Samaki wa Aleksandria

Mama,

Mimi mzima, na baridi ya Misri nimeshaizoea. Wiki iliyopita chuo kilitupeleka kutembea Aleksandria. Mji mzima unatazama bahari, na jioni watu hukaa juu ya ukuta wa ufukweni wakitafuna mbegu za maboga. Mwambie mdogo wangu Atoo nimemnunulia kofia.

Mchana tuliletewa samaki. Nikasema sili, kama tunavyosema nyumbani tangu kaka Okwir azame kwenye Nile pale Karuma wakati wa vita, na mwili wake usionekane. Hata sokoni Nakasero wewe huzunguka upande wa mboga ili usizione meza za samaki.

Mwalimu wetu akasema maji ya Nile yanaingia baharini si mbali na hapo. Niliinuka mezani, nikashuka hadi majini, nikamsalimu Okwir kwa lugha yetu. Nilimpa na salamu zako. Kisha nikarudi, nikala.

Usinikasirikie, Mama. Nikija likizo twende Nakasero pamoja, safari hii tupite upande wa samaki.

Mwanao,
Amito