Redio Hana Lugha: Binti Yangu Hakuitikia Shikamoo

Mpendwa mshauri,

Naanza kwa salamu, kwako na kwa wote wa nyumbani kwako. Natumaini hujambo na kile kifua ulichosema kinakusumbua kimeshatulia, maana wiki zile ulipokosekana gazetini tulikuombea huku. Mimi mwili ni mzima namshukuru Mungu, ila moyo ndio hautulii, nikikaa nasimama, nikisimama nasahau nilisimamia nini, jana nimefagia uwanja uleule mara mbili mpaka mume wangu akaniuliza kama natafuta sindano. Naomba msaada wako, mwenzio nimekwama.

Mimi ni mama wa makamo, shule sikwenda mbali, na kazi yangu ni kulea watoto wadogo wa majirani katika chumba chetu cha mbele, ambacho zamani mume wangu, fundi wa makochi, alikuwa anawekea sponji na vitambaa. Mama zao wananiletea asubuhi wakienda kazini na wanawachukua jioni. Tuna mkeka, beseni la maji, vifuniko vya chupa vya kuhesabia, na yale mabaki ya sponji ndiyo matofali yetu ya kujengea nyumba. Nina utaratibu wangu mmoja ambao siuvunji. Kila mtoto akifika anasimama mlangoni, anasema shikamoo, na hasemi neno lingine mpaka nimwitikie marahaba na kumtaja jina lake la utani. Nilianzisha hivyo kwa sababu walikuwa wanaingia wakipiga kelele wote kwa pamoja na aliye mpole hasikiki kabisa. Wamezoea. Kwao shikamoo ni kubisha hodi na marahaba ni mlango kufunguliwa, na ukishafunguliwa usiombe, hasa huyo binti mdogo wa nesi tunayemwita Redio, ambaye anakueleza baba alivyokoroma, paka alivyotapika na bei ya sabuni kabla hajavua viatu.

Sasa mwaka huu serikali imekuja imeshikana mkono na wakfu wa tajiri mmoja wa mbali, ambaye sisi tumemwona kwenye fulana tu, walitugawia bure na mume wangu yake anafutia gundi. Wanataka watoto wote wadogo wa mtaa waondolewe kwenye vyumba kama changu wapelekwe darasa jipya ng'ambo ya barabara kuu, wakfu utalipa, serikali itasimamia, na watoto watakuwa wanapimwa kitu kinaitwa utayari. Mimi sikulitaka jambo hili tangu siku ya kwanza, na silifichi. Mtoto wa miaka mitatu yuko tayari kwa nini, mshauri? Yuko tayari kulala mchana. Mungu alimkabidhi mtoto kwa mzazi wake, hakumkabidhi kwa mradi, na miradi sisi tunaijua, lipo bomba pale kona lenye kibao kizuri kuliko maji yake, waliolijenga waliondoka na magari yao tukabaki na kibao. Leo majina na picha za watoto wetu vinaingizwa kwenye mashine vinakwenda sijui wapi, na kesho tajiri akichoka, serikali itasema bajeti haitoshi, na vyumba vyetu vitakuwa vimeshafungwa. Wazazi wengi wanaona kama mimi. Wengine wako na Mama Pacha, jirani yangu wa ukuta mmoja, wanasema kule kutakuwa na vyoo vizuri na chakula cha mchana na kwamba mimi nawazibia watoto riziki.

Hapo ndipo inapokuja shida yangu. Wakfu umeajiri vijana wa kupita kupima watoto, na mmoja wao ni binti yangu wa kwanza, ambaye alimaliza chuo akakaa nyumbani muda mrefu, anatoka alfajiri kabla watoto wangu hawajafika, anazunguka na maombi ya kazi mpaka soli za viatu zikaisha, mimi nafunga na kuomba apate, na Mungu akanijibu kwa kazi hiyohiyo ninayoipinga. Bado yuko kwenye majaribio. Na chumba alichopangiwa ni changu, nadhani wakubwa wake hawakujua, na yeye hakusema.

Alikuja na msimamizi wake, kavaa fulana ile, kapendeza. Msimamizi akaniambia kwa upole nikae kwenye kigoda nje ya mlango na nisitie neno, maana mlezi akimsaidia mtoto kipimo kinaharibika. Nikakaa. Watoto wakaitwa mmoja mmoja. Kila mmoja alisimama mbele ya binti yangu akasema shikamoo, na binti yangu, macho kwenye kishikwambi anatafuta jina, anasema, "Haya, niambie, hii ni rangi gani?" Mtoto kimya, anamtazama. "Na huyu ni mnyama gani?" Kimya. Mshauri, walikuwa wanasubiri marahaba. Mimi pale nje nimeshika magoti, naona kila kitu, neno liko mdomoni na ulimi umeshikwa na ile amri, na huyo anayewahoji nimemlea mwenyewe kwa shikamoo hizohizo. Redio aliamkia tena kwa sauti zaidi, nadhani alifikiri mgeni ana shida ya masikio, kisha naye akafunga mdomo. Waliojibu maswali ni wale wachache wapya ambao hawajaushika utaratibu wangu.

Haikupita muda afisa elimu akaja kutusomea majibu. Watoto wengi wa chumba hiki wana upungufu wa lugha, malezi ya chumbani hayatoshi, chumba kifungwe. Alipomfikia Redio akasoma kwamba hana lugha, na kina mama wakacheka mpaka wengine wakaegemea ukuta, na Mama Pacha akasema, "Labda siku hiyo betri zilikuwa zimekwisha." Mama yake Redio peke yake hakucheka. Aliuliza kama maneno hayo yatamfuata mtoto shuleni, na afisa akasema ndiyo, kumbukumbu inakwenda na mtoto. Nilikuwa nimecheka na wenzangu, mshauri, halafu nikaingia ndani nikalia.

Jumapili baada ya ibada binti yangu, ambaye tangu apate kazi amepanga kwake, alikuja kula nasi. Nikaanza kumwambia kwamba siku ile watoto hawakuwa mabubu, walikuwa wana jambo lao, na kabla sijafika popote akaweka kijiko chini. "Mama, naomba usianze. Niliandika nilichokiona. Ukianza hapa watasema nimependelea nyumbani kwetu, na kazi ndiyo imekwenda." Nikamwongezea mboga. Alipoondoka mume wangu akaniuliza, "Hivi wewe mama watoto, hutaki wale watu, au hutaki kubaki bila watoto?" Nilimnunia kutwa nzima.

Sasa Jumamosi ya mwisho wa mwezi kuna kikao cha wazazi, na atakayesoma taarifa ni binti yangu huyohuyo, kisha watu watanyoosha mikono. Wanaopinga wamenichagua mimi nisimame niseme. Nikisema nilichokiona, namvua nguo mwanangu mbele ya wakubwa zake. Nikinyamaza, chumba kinafungwa na watoto wa watu wanakwenda shuleni wamebandikwa ububu. Nimeomba mpaka maneno yamekwisha, asubuhi nahisi Mungu ananiambia sema, jioni nahisi ananiambia stahi mwanao. Tafadhali usinisahihishe lugha, andika hivihivi, na naomba unijibu mapema.

Mama wa chumba cha mbele

MSHAURI ANAJIBU

Dada yangu wa chumba cha mbele,

Kifua kimetulia, nashukuru kwa dua zenu. Weka ufagio chini, uwanja umeshatakata, ukae usome.

Pole sana. Uliomba kazi kwa ajili ya mwanao ukapewa, na sasa ndiyo inayokukaba koo. Kwa kumpenda binti yako sikugombezi. Nakugombeza kwa hili: ulipoingia ndani kulia, ulimwacha mama yake Redio pale nje na hukumu inayosema mwanawe hana lugha, na wewe ndiye mtu pekee wa mtaa huo unayejua ukweli wake. Kila siku unayonyamaza unamsitiri wako kwa nguo ya mtoto wa mwenzio. Mama yule anakuamini. Unaweza kumpokea mtoto wake asubuhi ukamtazama usoni?

Tena umefunga mambo mawili fundo moja ndiyo maana halifunguki. Kuupinga wakfu na serikali ni jambo moja, na mengi uliyoyasema nakubaliana nayo, mimi pia sipendi kuona mtoto anayelala na kidole mdomoni akiwekwa kwenye mizani. Taarifa yenye kosa ni jambo lingine. Hata ungekuwa unaupenda wakfu huo kama ndugu yako, taarifa ingekuwa imekosewa vilevile. Ukiitumia Jumamosi kama rungu la kuangushia darasa jipya, watu watasema mama kamchongea mwanawe ili abaki na chumba chake, na nusu ya maneno hayo itakuwa kweli. Swali la mumeo lina jibu, nawe unalijua. Wale watu huwataki, na kubaki bila watoto pia hutaki. Sema yote mawili mbele za watu, kupenda kazi yako si dhambi. Ila Mungu usimfanye shahidi wa upande wako kikaoni, Mama Pacha naye anasali, na hao anaowatakia vyoo ni watoto wa Mungu walewale. Na kama mtoto amekabidhiwa kwa mzazi, dada, basi nawe si mzazi wao. Waambie ukweli, kisha waache waamue.

Sasa sikiliza la kufanya. Usiseme naye tena mbele ya sahani, mtu mwenye njaa na hofu hasikii. Mwite binti yako aje asubuhi, siku ya kazi, kabla watoto hawajafika. Usimhubirie. Kishikwambi kikae mkobani, fulana aivue kama anaweza, na mkalishe yeye kwenye kile kigoda chako mlangoni. Watoto watafika wenyewe. Akishaona atakachokiona, aende kwa msimamizi wake kwa miguu yake aseme kipimo kilikuwa na kasoro na anaomba kurudia. Siwezi kukuahidi kwamba watampa mkono wa pongezi. Lakini anayerekebisha kosa lake mwenyewe ana la kujitetea, na anayenaswa nalo ukumbini hana. Mwambie na hilo.

Akikataa, basi utasimama Jumamosi. Useme ulichokiona, useme mpimaji, neno binti yangu lisitoke. Na umwambie kabla, uso kwa uso, kwamba utasema, asije akasikia kwa mara ya kwanza mbele ya wakubwa zake. Atakununia. Wewe umemnunia mumeo kutwa na bado mnakula chungu kimoja. Ukimaliza hilo ndipo uingie kwenye vita vyako: muulize afisa ni nani atakayelipa tajiri akiondoka, picha za watoto zinakaa wapi na nani anaziona, na kwa nini vyoo visijengwe huku bila vyumba kufungwa. Uliza kwa sauti ya kawaida, na usikae chini mpaka ujibiwe. Mikono ikinyooshwa na mkashindwa, umeshindwa kwa ukweli, utalala.

Neno la mwisho ni la asubuhi ile. Redio atasimama mlangoni aseme shikamoo, na kutakuwa kimya kidogo, na wewe huko ndani mdomo utakuwasha kwa mazoea. Usiitikie. Si wewe uliyeamkiwa.